Midomo ya Kuku wa Furaha

Niseme mapema ili mtu asije akanionea huruma bure: nilimpania yule mwanaume. Nilimpania kwa miezi minne. Kila asubuhi nikimenya miguu ya kuku, kila ukucha niliong'oa niliuona ni wake. Wapo watu wanaosamehe. Mama yetu alikuwa mmoja wao, Mungu amrehemu, aliimba kwaya na kusamehe hata wezi wa kuku. Mimi sikurithi hilo. Nilichorithi kwake ni sufuria kubwa na ile sehemu ya Kaloleni, Arusha, hatua chache kutoka uwanja wa mpira, ambapo yeye aliuza supu kabla yangu na mimi nauza hadi leo.

Supu yangu ni ya miguu, vichwa na shingo za kuku. Wanaokuja kuinywa ni mafundi, wauza mitumba, vijana wanaotoka mazoezini, na mabwana wa ofisini ambao hawataki wake zao wajue. Tangawizi haikosi, kitunguu saumu hakikosi, ndimu na pilipili ziko pembeni. Miguu ina kazi yake. Unaitumbukiza kwenye maji ya moto, unaivua ile ngozi ngumu kama soksi, unang'oa kucha zote, halafu unaiosha mara mbili kwa chumvi na ndimu. Ukinikuta nimekupa mguu wenye ukucha, nimwagie supu kichwani, sitakushtaki.

Mama alizaa mabinti wawili tu. Mimi nilichukua sufuria, dada yangu mkubwa aliolewa kijijini Nduruma akachukua kuku. Kuku wa kienyeji kweli kweli, wanaozurura mashambani mchana kutwa na kurudi wenyewe jioni. Mama alikuwa na alama yake. Kifaranga akishapata nguvu, alimkata ncha ya kidole cha ndani cha mguu wa kushoto, pamoja na ukucha, ili kuku wakichanganyika na wa jirani pasiwe na maneno. Wenzake walifunga vitambaa vya rangi, yeye alisema kitambaa hufunguka. Dada aliendelea na alama ile ile. Siku akiniletea jogoo wa Krismasi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumgeuza na kumwangalia kidole, nikacheka, na yeye akacheka.

Sasa huyo mwanaume. Alikuwa mpishi wa televisheni, ana kipindi chake, watu wote walimwita Shefu. Alizunguka nchi nzima akihimiza watu wale vizuri: punguza chumvi, punguza sukari, usile kuku aliyeteswa kizimbani. Nisiwe mnafiki, mengine alisema kweli. Mimi mwenyewe nilipunguza chumvi nyumbani kwa ajili yake. Nilikuwa nampenda jamani, ndiyo maana iliniuma vile.

Alipokuja Kaloleni na watu wake wa kamera, neno lake la kwanza lilikuwa, "Shikamoo mama!" Nikamtazama. Mvi zake na zangu zilianza mwaka mmoja, kama zake si za kwanza. Lakini mgeni ni mgeni, nikaitikia marahaba. Akaketi kwenye benchi langu kabla kamera hazijawashwa, akanywa bakuli la kwanza. Akaomba la pili. Kwenye la pili akaomba kichwa, akakipasua kwa meno, akanyonya mpaka ubongo. "Aisee mama, hii supu inafufua maiti," akasema, na jasho la pilipili linamtiririka puani. Nikamwambia karibu tena. Ndipo wakawasha kamera, wakapiga picha sufuria, wakapiga picha mikono yangu, wakaondoka.

Siku kipindi kilipotoka niliwaalika majirani zangu wa Lemara, ninakoishi, sebuleni kwangu. Nilichemsha chai ya maziwa, nikakaanga maandazi, nikavaa gauni jipya kama vile televisheni nayo itaniona. Muziki ukapigwa. Shefu akatokea amevaa lile koti lake jeupe, ameshika mguu wa kuku kwa koleo, uso wake kama mtu aliyeokota panya aliyekufa. Ulikuwa mguu wangu. "Ndugu mtazamaji," akasema, "hiki ndicho tunachowalisha wananchi wetu. Takataka ya kuku, kwenye sufuria ya namna hii." Wakaonyesha masizi ya sufuria yangu, karibu kabisa. Ebo! Sufuria yangu ni nyeusi kwa nje kwa sababu ninapikia kuni. Kwa ndani inang'aa kuliko meno yake. Ndani hawakuonyesha.

Jirani mmoja akapunguza sauti. Wakamaliza chai, wakaaga mmoja mmoja. Mmoja aliacha nusu andazi juu ya kochi langu. Hata leo nikimwona yule mama nakumbuka lile andazi.

Wateja hawakukimbia siku moja. Walipungua kidogo kidogo. Leo hayupo huyu, kesho hayupo yule, kesho kutwa wanapita upande wa pili wa barabara wakijifanya wanaongea na simu. Watoto wa shule wakinipita wanaimba, "Takataka! Takataka!" Halafu akaja mwenye eneo, mzee niliyemfahamu tangu enzi za mama. Akakohoa, akaangalia chini. Akasema kuna binti anataka kuweka juisi ya parachichi isiyo na sukari, mambo ya kisasa, kama anavyofundisha Shefu. "Wateja wako wenyewe wamekukimbia, mama. Nitakusubiri mpaka masika yaishe. Kama watu hawajarudi, utanisamehe."

Nikamwambia sawa. Alipoondoka nikasonya msonyo ambao nadhani waliusikia mpaka sokoni. Sehemu ya mama yangu, juisi ya parachichi! Nikaapa mbele ya sufuria: huyu Shefu nitamuumbua. Sikujua vipi. Nilijua tu kwamba atanitambua, na nitamtambulisha mbele za watu, kama alivyonifanya mimi.

Masika yalikuwa yanaelekea ukingoni tuliposikia kwamba Shefu anakuja Arusha tena, kufanya tamasha la kula vizuri kwenye bustani ya hoteli moja. Matangazo yalibandikwa kila nguzo. Lilikuwepo pichani jogoo limevimba kifua, na maneno: Kuku Mwenye Furaha, Mlaji Mwenye Afya. Kuku wote wa tamasha, walisema, ni wa kienyeji, wamekua huru chini ya Mlima Meru, hawajawahi kuona kizimba. Wateja wangu wachache waliobaki wakawa hawana jingine. "Mama, hawa wako wana furaha au wana msongo?" Nikawaambia wangu wamekufa, kama wa kwake.

Sasa sikia Mungu anavyopanga. Vichwa na miguu yangu yote huletwa na mchinjaji mmoja, mzee mpole wa Kaloleni anayechinjia mahoteli. Wao hubaki na minofu, vile wanavyoviona uchafu yeye huniletea mimi kwa ndoo. Asubuhi ya tamasha akaja na ndoo mbili zimejaa hadi ukingoni.

"Leo nimechinja kuku wa furaha," akasema.

"Walikuwa wanacheka?"

"Hata kidogo. Wengine walikuwa wazee kama mimi."

Nikamimina ndoo ya vichwa kwenye karai. Nikachukua kimoja nikioshe. Nikakitazama. Nikachukua kingine. Nikakiweka kando ya cha kwanza.

Mtu aliyekula kuku maisha yake yote bila kushika kichwa hawezi kujua hili, kwa hiyo nieleze. Kuku wa mayai, wale wanaofugwa mamia kwenye banda moja, hukatwa mdomo wakiwa wadogo, kwa chuma cha moto, ili wasidonoane wakauana kwa kubanana. Ule mdomo haurudi. Unabaki butu, kama umepigwa pasi. Wakizeeka na kuacha kutaga huuzwa wa nyama, na sisi tunawaita wastaafu. Kuku wa kijijini hakatwi mdomo. Anajitafutia mwenyewe, ukimkata mdomo atadonoa nini?

Na kwenye karai langu, vichwa vitatu kati ya kila vinne vilikuwa na midomo butu. Wastaafu watupu! Shefu wa kuku wa furaha alikuwa anakwenda kuwalisha watu wa Arusha kuku waliokaa kizimbani mpaka uzee. Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nikasema asante Yesu, na sikuona aibu kumwingiza Yesu kwenye jambo lile.

Halafu nikamimina ndoo ya pili, ya miguu.

Niliona haraka sana, kwa sababu macho yangu yamezoea. Mguu wa kushoto, kidole cha ndani, hakina ncha. Nikauweka pembeni. Mwingine. Mwingine. Si yote, labda robo tu, wale waliokuwa wa kienyeji kweli. Ilikuwa alama ya mama. Na duniani aliyebaki na alama ile ni mtu mmoja.

Nikaketi juu ya kigoda. Kwa hiyo dada yangu ndiye aliyemuuzia Shefu. Alipelekewa oda, kuku wake hawakutosha, akajazia wastaafu. Na hakuniambia! Miezi yote ile nilikuwa nampigia simu nalia, namweleza watoto wanavyoniimba, namweleza mwenye eneo na juisi yake, naye ananiambia pole mdogo wangu, pole sana, kumbe anamlishia adui yangu kuku. Nikisema sikumkasirikia nitakuwa naongopa. Nilimkasirikia karibu sawa na yule.

Nilikuwa na nafasi ya kuacha. Naandika hili kwa sababu watu wanaonisifu hawalijui. Maji yalikuwa yanachemka, ningeweza kutia vichwa vyote sufuriani, vikaiva, vikaliwa, yakaisha. Ila ningepoteza sehemu ya mama. Ndivyo nilivyojiambia. Nikajiambia pia kwamba vichwa havina jina la mtu, yenye jina ni miguu. Basi nitachukua vichwa, miguu nitaiacha. Hakuna atakayemjua dada. Nikaivua ngozi ile miguu yote, nikang'oa kucha, nikaipika ikaiva. Alama zote zikaenda na maji.

Vichwa ishirini vya midomo butu nikavipanga kwenye hotpoti la harusi, nikavaa kitenge changu cha umoja wa wanawake kanisani, nikafunga lemba, nikaenda.

Bustani ilijaa. Meru ilikuwa wazi siku hiyo, haina hata wingu. Harufu ya kuku wa kuchoma ilinifikia tangu getini. Shefu alikuwa jukwaani anaongea juu ya huruma kwa wanyama, sauti laini kama ya mchungaji msibani. Watu wanaitikia, "Kuku mwenye furaha!" Naye anamalizia, "Mlaji mwenye afya!" Nikasogea, nikasogea, mpaka mbele kabisa. Alipouliza nani ana swali, nikanyoosha mkono, na kwa vile nilionekana mama wa kanisa mwenye hotpoti, wakanipa kipaza sauti mara moja.

"Shikamoo Shefu," nikasema.

Na yeye, kwa mazoea ya kuheshimiwa, akajibu, "Marahaba."

Jamani! Bustani nzima ikacheka. Mwanaume wa umri wangu, anamwitikia mama mzima marahaba mbele za watu. Akajishtukia, akashika kofia yake ndefu. Hapo akanitambua. Niliona macho yake yakishuka kwenye hotpoti.

"Mimi ni yule mama wa takataka," nikasema, "wa Kaloleni. Ulikunywa supu yangu mabakuli mawili, ukanyonya na kichwa, halafu ukanitangaza nchi nzima. Sijaja kwa ugomvi. Nina swali moja tu. Hawa kuku wako wa furaha, nani aliwakata midomo?"

Nikafungua kifuniko. Palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe mbele ya jukwaa, nikavipanga pale kimoja kimoja, vyote vimeelekea kwake. Simu zikainuliwa kila upande. Watu wa mjini walikuwa bado wanashangaa, lakini nyuma walikuwepo akina mama wa Kimeru walioleta mboga zao, nao hawakuhitaji maelezo. Mmoja akapiga kelele, "Eee! Wa mayai hao! Wastaafu!" Basi ikawa kicheko na zogo. Watu wakaanza kugeuza minofu kwenye sahani zao kana kwamba mnofu utasema. Shefu akavuta kipaza sauti chake. Akasema, "Mama, jambo hili tutalifuatilia." Wakaongeza muziki.

Roho yangu ilisuuzika. Nilifunga hotpoti langu, nikaondoka taratibu, maana nilitaka kuonja kila hatua mpaka getini.

Kesho yake nilikuwa na wateja wengi kuliko siku ya mechi. Waliopita upande wa pili wa barabara wakarudi upande huu, wakiniita Shujaa, wakiniita Mama Midomo. Nikawahudumia wote, na kila aliyewahi kunikimbia nikamtia pilipili bila kumuuliza. Mwenye eneo akaja kunywa supu, akasema yule binti wa juisi amepata mahali pengine. Nimeshinda, nikasema moyoni. Shefu kwisha.

Kwisha wapi. Siku ya tatu kijana mmoja fundi akanionyesha video kwenye simu yake. Shefu, bila kofia, macho mekundu, analia. Analia kweli, au amejikamulia kitunguu, mimi sijui. Anasema ametapeliwa. Anasema moyo wake umevunjika, kwamba alimwamini mkulima mdogo, mwanamke, na mwanamke huyo amemsaliti yeye na Watanzania wote. Halafu kamera ikaingia Nduruma. Nikaona geti la mabati la bluu. Nikaona mti wa parachichi wa shemeji. Nikamwona dada yangu mlangoni, ameshika beseni, anajifunika uso kwa kanga huku wanamfuata. Wakamtaja jina lake kamili na la baba yetu.

Watu walimsifu Shefu kwa ukweli wake. Hiyo ndiyo iliyonichoma hata kuliko ile ya kwanza. Alianguka kwenye matope, akajipangusia kwa dada yangu, akainuka msafi. Mahoteli yaliyokuwa yakinunua kuku kwa dada yakaacha. Kanisani kwake, nilisikia, walipotaka kuku wa harambee, walituma mtu kununua kwa mwingine.

Nilimpigia, hakupokea. Wiki ya pili alikuja mwenyewe, saa nne asubuhi, wateja wamepungua. Amevaa viatu vya shamba. Nikasimama.

"Shikamoo dada."

Hakuitikia. Tangu nijue kusema sijawahi kumsalimia dada yangu akakosa kuitikia, hata mwaka tuliogombana juu ya sanduku la mama. Akaketi kwenye benchi. Nikampa supu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Akachukua mguu kwenye bakuli, akaugeuza, akaangalia vidole visivyo na kucha.

"Ndoo ile ilikuja na miguu pia?"

"Ilikuja."

"Ya kushoto uliiangalia?"

Nimewahi kumdanganya bwana afya, nimewahi kumdanganya mchungaji. "Niliiangalia, dada."

"Na ukaenda."

"Nikaenda." Halafu nikaropoka, hasira zikanipanda tena, nikamwambia na wewe ulinificha, ulimuuzia mtu aliyenivua nguo mbele ya nchi nzima, ungenitazamaje usoni?

"Nilikuficha kweli," akasema. "Nilitaka nikishakusanya hela nije nikuchukulie sehemu nyingine, uache kumbembeleza huyu mzee mwenye eneo. Hilo moja. La pili, siku tatu kabla, watu wake waliongeza oda mara nne. Nikawaambia sina. Msaidizi wake akaniambia, jazia hata wa mayai, mama, wakishakatwakatwa nani atawajua?" Akaweka mguu chini. "Nikafikiri, mjini hapa yuko mtu mmoja tu wa kuwajua. Nikasema, ah, huyo ni mdogo wangu."

Nikamwambia tuseme hayo, twende tukamrekodi yule msaidizi, tumtafute, tumwage kila kitu, safari hii hachomoki. Nilikuwa nimeshavua aproni. Akalisogeza bakuli upande wangu.

"Wewe bado hujashiba," akasema. Akanyanyuka akaondoka. Supu hakuinywa, na bakuli lilikuwa limejaa.

Sehemu ya mama bado ninayo. Shefu bado yupo kwenye televisheni, siku hizi anahimiza maharage, na bado nampania, sitasema uongo. Siku akirudi Arusha na maharage yake nitakuwepo.

Mwezi uliopita mchinjaji aliniletea ndoo, nikamimina miguu kwenye karai kama kawaida. Ya kushoto ilikuwa mizima yote. Nikaendelea kumenya mpaka nikashika mmoja wa kulia, kidole cha ndani hakina ncha. Nikashika mwingine wa kulia, hakina ncha. Jeraha lilikuwa limepona vizuri, limekatwa na mkono unaojua: alama ya mama, mguu mwingine.

"Hawa umetoa wapi?" nikamuuliza.

"Nduruma," akasema. "Kwa dada yako. Hajakwambia?"

Nikamwambia ameniambia, ingawa tangu siku ile ya bakuli hatujaongea. Nikaivua ile miguu ngozi, nikang'oa kucha zilizobaki, nikaitia sufuriani.